Kabla ya Kuuza Shamba la Mikorosho: Namna ya Kupima Habari za Seli Shina kwa Ugonjwa Sugu wa Matumbo

Msimu uliopita wa korosho, siku chache baada ya malipo ya mnada kuingia, mpwa wangu anayeishi Newala alinitumia kwenye simu tangazo la hospitali moja ya ng'ambo, lililodai kwamba ugonjwa wa Crohn (uvimbe na vidonda vya matumbo vinavyodumu miaka) uliokataa dawa zote unatibiwa kwa seli shina, yaani seli changa zinazozaa seli nyingine za mwili, tena kwa safari moja. Chini ya tangazo aliandika: "Mjomba, tukiuza shamba la mama na wewe ukaongezea kidogo, inatosha." Kwetu Wamakonde jambo kama hilo haliamuliwi bila mjomba kusema neno, na mimi sikuwa na neno. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, lakini ulikuwa uuguzi wa wodi ya wazazi, nao haukunifundisha kusoma ripoti za utafiti. Ilinichukua zaidi ya miezi miwili kuuliza, kusoma na kusomewa, hadi tukapata utaratibu wa kuipima habari ile. Utaratibu huo ndio ninaoueleza hapa, kwa ajili ya familia nyingine ya Mtwara au Lindi itakayoletewa tangazo la aina ile.

Anza na neno "sugu" lenyewe

Kabla hujautafuta utafiti wowote, uliza kama ugonjwa wa mtu wako ni sugu kwa maana wanayoikusudia watafiti. Katika utafiti wa Ulaya uliopewa jina la ASTIC, ambao uliandikisha wagonjwa kati ya 2007 na 2011, mgonjwa hakupokelewa mpaka awe ameshatumia dawa zisizopungua tatu za kushusha kinga au za kibayolojia (zinazotengenezwa kutokana na seli hai) bila kutulia, na upasuaji uwe haumfai. Dawa zinazohesabiwa ni kama azathioprini, methotreksati, infliksimabu na adalimumabu. Sasa mwulize mgonjwa wa Tandahimba au wa Liwale ametumia zipi kati ya hizo, kwa kipimo gani na kwa muda gani. Huenda ukasikia prednisoloni, metronidazoli, na pengine azathioprini ya miezi miwili kabla haijakosekana duka la dawa. Mgonjwa huyo ni wa kuambiwa kwamba dawa hazijamfikia, kwa maana kumwita sugu ni kuusingizia ugonjwa kosa la umbali.

Mpwa wangu alikuwa hivyo hasa. Aliposema "dawa zote zimeshindwa", tulikaa naye jioni nzima tukaziandika moja moja kwenye daftari, na orodha haikujaza hata nusu ukurasa. Infliksimabu hakuwahi kuchomwa hata mara moja. Jambo la pili tuliloliona ni kwamba dawa zenyewe zimeongezeka tangu utafiti ule ufunge mlango: Marekani iliidhinisha vedolizumabu mwaka 2014, ustekinumabu kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 2016, risankizumabu mwaka 2022 na upadasitinibu mwaka 2023. Ni dawa za bei kubwa, sikatai. Lakini fedha inayotajwa kwenye matangazo ya seli shina nayo ni kubwa, na kabla ya kuitoa ni haki ya familia kuuliza fedha hiyohiyo ingelipia miezi mingapi ya infliksimabu, hasa kwa kuwa siku hizi zipo infliksimabu za nakala ambazo bei yake iko chini ya ile ya kwanza.

Lipo swali lililotangulia hata hilo, nalo ni kama ugonjwa ni Crohn kweli. Kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana kiasi cha kuwasumbua hata mabingwa: vyote viwili hupenda kukaa mwisho wa utumbo mwembamba, huleta maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, homa za jioni, kukonda na kuhara, na hata kamera ikiingizwa vidonda vinaweza kufanana. Tofauti ni kwamba dawa za kushusha kinga, ambazo humpa nafuu mwenye Crohn, zinaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu. Ndiyo maana katika nchi zenye kifua kikuu kingi daktari anaweza kuamua kuanza na dawa za kifua kikuu na kungoja aone, na mgonjwa asidhani kwamba anapotezewa muda. Mpwa wangu, kabla hajafika kwa bingwa, alikuwa ametibiwa "amiba" mara saba au nane katika zahanati na maduka ya dawa, na kinyesi chake kilipimwa mara mbili tu. Kwa hiyo omba uone majibu ya kinyama kilichokatwa wakati wa kamera, majibu ya kipimo cha kifua kikuu, na maandishi ya daktari yanayotaja sehemu ya utumbo iliyougua. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, safari yako ya kwanza ni ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na kutoka hapo, kwa barua ya rufaa, kwenye kliniki ya magonjwa ya mfumo wa chakula Muhimbili. Barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam inazidi kilomita 550, ni kweli, lakini ni fupi kuliko ya ng'ambo.

Mambo mawili yaulizwe hapohapo, maana hubadilisha kila kitu kinachofuata. La kwanza ni kama utumbo umebanwa na kovu, kwa sababu kovu haliyeyuki kwa dawa wala kwa seli, bali huhitaji kupanuliwa au kukatwa. La pili ni kama ugonjwa ni kolaitisi ya vidonda, inayokaa kwenye utumbo mpana peke yake. Mwenye kolaitisi sugu anaweza kuondolewa utumbo mpana wote na ugonjwa wa utumbo ukaishia hapo, jambo lisilowezekana kwa mwenye Crohn, na ndiyo sababu utafiti mkubwa wa upandikizaji ulielekezwa kwa Crohn. Tangazo linalochanganya magonjwa hayo mawili katika sentensi moja tayari limekuonyesha kiwango chake.

Tenganisha vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina moja

Jina "seli shina" hubeba mizigo mitatu isiyolingana. Mzigo wa kwanza ni upandikizaji wa seli shina za damu, unaotumia seli za mgonjwa mwenyewe, na ambao kwa hakika ni matibabu makali ya kuiangusha kinga ya mwili na kuiacha ijengeke upya. Katika miaka ya 1990 madaktari waliwaona wagonjwa wachache wenye Crohn, waliopandikizwa kwa sababu ya saratani ya damu au ya tezi, wakitulia na matumbo pia, na hapo ndipo wazo lilipopata nguvu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba seli hizo "zinakwenda kuziba vidonda" hajauelewa utafiti anaouuza: kazi kubwa hufanywa na dawa kali zinazofuta kinga iliyokosea, na seli zinarudishwa ili mgonjwa asife kwa kukosa damu na kinga.

Mzigo wa pili ni seli za mesenkaima, zinazopatikana kwenye mafuta ya mwili au kwenye uloto ulio ndani ya mifupa, nazo hudungwa mahali palipougua. Hizi zilifanyiwa utafiti hasa kwa fistula ya njia ya haja kubwa inayoletwa na Crohn, yaani tundu linalotoboka kutoka ndani hadi kwenye ngozi na kutoa usaha. (Isichanganywe na fistula ya uzazi ambayo watu wa kusini wanaijua kutokana na kampeni za miaka mingi, jina ni moja, chanzo ni mbalimbali.) Dawa iliyoitwa darvadstroseli, yenye seli milioni 120 kwa dozi moja, ilijaribiwa kwa wagonjwa 212, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016: wiki ya 24 karibu nusu ya waliodungwa seli walikuwa wamepona matundu, dhidi ya karibu theluthi moja ya waliodungwa kimiminika kisicho na seli. Ulaya iliiruhusu mwaka 2018. Kisha ukaja utafiti wa pili, mkubwa zaidi, wenye wagonjwa zaidi ya 500, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba pande zote mbili zilikaribia nusu, tofauti haikuonekana, na mwishoni mwa 2024 dawa ikaondolewa kwenye soko la Ulaya. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu matangazo mengi bado yananukuu matokeo ya 2016 na kuishia hapo. Ukiona tarehe ya zamani, tafuta kilichofuata.

Mzigo wa tatu ni paketi za unga na vidonge vyenye maneno "seli shina", vinavyopitishwa mkono kwa mkono na watu wa biashara za mtandao hata Masasi na Nachingwea. Hizo hazihusiani na utafiti wowote ninaoueleza hapa. Tuendelee.

Ifuate safari ya mgonjwa tangu siku ya kwanza

Mtu anayesikia "kuchomwa seli" hufikiri ni sindano moja na kurudi nyumbani. Omba uelezwe hatua zote, nawe uziandike. Kwanza mgonjwa hupewa dawa ya siklofosfamidi, ambayo ni dawa ya saratani, pamoja na sindano za filgrastimu za siku kadhaa, ili seli shina zitoke kwenye uloto na kuingia kwenye damu. Damu hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli hizo na kumrudishia iliyobaki, na seli zikagandishwa. Baada ya majuma kadhaa hulazwa tena, na hapa ndipo penye hatari: katika ASTIC mgonjwa alipewa siklofosfamidi miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake, zikagawanywa kwa siku 4, pamoja na kingamwili za sungura za kuziua seli za kinga. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni gramu 10 za dawa ya saratani. Ndipo seli zake zinayeyushwa na kurudishwa mwilini kama mtu anavyoongezewa damu, na tendo hilo lenyewe halichukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni kungoja. Kwa muda wa kama majuma mawili mgonjwa huwa hana kinga ya maana, hukaa chumba cha peke yake, huongezewa damu na chembe sahani, na homa yoyote ni ya dharura.

Muulize daktari pia juu ya yatakayofuata nyumbani, kwa sababu ripoti nyingi zimeandikwa na watu wasiokuja kuishi Mikindani. Kinga iliyofutwa huondoka pamoja na kumbukumbu ya chanjo, kwa hiyo chanjo za utotoni hurudiwa. Kinga dhidi ya malaria, ambayo mtu mzima wa pwani yetu ameijenga kwa kuumwa na mbu miaka yote, haifai kutegemewa tena. Kabla ya kuanza lazima mgonjwa apimwe VVU, homa ya ini aina ya B, kifua kikuu kilichojificha, na minyoo ya strongiloidi ambayo huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kisha ikasambaa na kuua kinga inaposhushwa. Ukimkuta daktari wa ng'ambo asiyeitaja minyoo hiyo kwa mgonjwa atokaye kwetu, itaje wewe. Tena siklofosfamidi ya kiasi kile inaweza kuharibu uzazi wa mwanamume na wa mwanamke. Mpwa wangu ana miaka 29 na hana mtoto. Katika ujumbe wote aliotumiwa na wakala wa hospitali ile, hakuna mahali palipotajwa kuhifadhi mbegu kabla ya dawa.

Soma namba ukiwa na kalamu mkononi

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, na ningeomba msomaji naye asiharakishe.

ASTIC, uliochapishwa Desemba 2015, uligawa wagonjwa 45 kwa kura: 23 walipandikizwa, na 22 wakaendelea na matibabu ya kawaida wakisubiri mwaka mmoja. Suala la kura liliwakera ndugu zangu, wakauliza ni haki gani hiyo ya kumnyima mgonjwa tiba kwa bahati nasibu. Niliwakumbusha jambo lililofanyika kwetu wenyewe. Mwaka 2005, katika wilaya 5 za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwamo, dawa ya kukinga malaria kwa watoto wachanga ilianza kutolewa pamoja na chanjo katika nusu ya tarafa 24, na nusu hiyo ilichaguliwa kwa kura, ili baadaye ijulikane kama mabadiliko yaliletwa na dawa au na mambo mengine kama mvua na vyandarua. Bila tarafa za kulinganishia hakuna ambaye angejua. Mgonjwa wa Crohn anahitaji kulinganishiwa zaidi, kwa kuwa ugonjwa wake hupanda na kushuka wenyewe, na mtu hutafuta tiba ng'ambo wakati umepanda kabisa, hivyo ukishuka sifa huchukua hospitali.

Shabaha ya watafiti ilikuwa kali: baada ya mwaka, mgonjwa awe ametulia bila dawa yoyote kwa miezi 3, na kamera na picha zisionyeshe ugonjwa mahali popote. Waliofikia walikuwa 2 kati ya 23 waliopandikizwa, na 1 kati ya 22 waliosubiri. Piga hesabu mwenyewe: karibu asilimia 9 kwa asilimia 4 na nusu. Mwuzaji anaweza kuandika "mara mbili", na kwa hesabu atakuwa amesema kweli, lakini tofauti yenyewe ni mtu mmoja. Matukio mabaya makubwa yalikuwa 76 upande wa waliopandikizwa na 38 upande wa pili. Hiyo nayo ni mara mbili, ila hutaikuta kwenye tangazo. Mgonjwa mmoja aliyepandikizwa alifariki.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke na nusu ya habari, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza nikampigia mpwa wangu simu usiku kumwambia "ni uongo mtupu". Si uongo mtupu. Wale waliosubiri walipopandikizwa nao baada ya mwaka wao, watafiti waliwaangalia wote kwa pamoja, na taarifa ya 2017 ikaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 38 waliotazamwa kwa kamera, 19 vidonda vya utumbo vilikuwa vimepona kabisa mwaka mmoja baada ya upandikizaji, na kati ya 34, 13 walikuwa wametulia miezi 3 bila steroidi, yaani dawa kama prednisoloni. Kwa watu ambao kila dawa iliwashinda, hayo si madogo. Kasoro ni kwamba safari hii hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo nguvu ya ushahidi ni pungufu kuliko ya ule wa kura. Ripoti moja inaweza kusema ndiyo na hapana, kutegemea shabaha iliyowekwa, ndiyo maana swali lako la kwanza kwa namba yoyote liwe "waliofikia nini?"

Swali la pili liwe "baada ya muda gani?" Chicago, chini ya daktari Richard Burt, wagonjwa 24 walipandikizwa na kufuatiliwa miaka kadhaa, na taarifa ya 2010 ilionyesha kwamba ambao ugonjwa ulikuwa haujawarudia walikuwa asilimia 91 baada ya mwaka mmoja, asilimia 57 baada ya miaka 3, na asilimia 19 baada ya miaka 5. Tangazo alilotumiwa mpwa wangu lilikuwa na "asilimia 91" kwa herufi kubwa, bila mwaka wala chanzo. Siwezi kuapa kwamba waliitoa hapo, ila namba ni ileile. Mtu akikuambia "tisini kwa mia wanapona", mwombe namba ya mwaka wa tano, na usiridhike na kicheko.

Swali la tatu ni madhara, na kwa hilo hakuna somo zuri kama utafiti wa Uingereza ulioitwa ASTIClite. Watafiti, baada ya kuona ukali wa ASTIC, walipunguza dozi na kubadili mchanganyiko wa dawa wakitarajia kupunguza hatari. Wagonjwa 23 waligawanywa kwa kura, 13 upande wa upandikizaji na 10 upande wa matibabu ya kawaida, kisha utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu ya madhara makubwa ambayo hayakutarajiwa, yakiwamo ya figo kushindwa kufanya kazi. Wawili kati ya waliopandikizwa walifariki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaonyesha pia kwamba, kwa wachache waliofika wiki ya 48 na kupimwa, 3 kati ya 7 waliopandikizwa hawakuwa tena na vidonda, na upande wa pili hakuna hata mmoja kati ya 6. Soma sentensi hizo tatu pamoja, zisitenganishwe: kitu hiki kina nguvu juu ya ugonjwa, na kina nguvu juu ya mgonjwa.

Hakiki kama ni utafiti au ni biashara

Utafiti wa kweli kwa binadamu husajiliwa hadharani kabla haujaanza. Muulize wakala namba ya usajili. Kama ni ya rejista ya Marekani, itaanza na herufi NCT ikifuatwa na tarakimu 8. Kama ni ya Afrika, itaanza na PACTR. Andika namba hiyo kwenye simu, kijana yeyote mwenye bando atakusaidia, nawe uangalie kama ugonjwa uliotajwa ni wa mtu wako, kama utafiti unaandikisha au ulishafungwa, na kama hospitali iliyoorodheshwa ndiyo hiyo inayokuita. Ujue lakini kwamba kusajiliwa si kuidhinishwa, na wapo wanaosajili ili wapate namba ya kuonyesha. Kwa utafiti unaofanyika Tanzania, uliza kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, na kibali cha majaribio ya dawa kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda hapahapa Mtwara na haitozi mtu kwa kuuliza.

Kisha uliza nani analipa. Katika utafiti ulio safi mgonjwa kwa kawaida hauziwi kile kinachojaribiwa, kwa kuwa yeye ndiye anayetoa mwili wake ili watu wengine wajue. Wakala wetu alitaka nusu ya fedha kabla ya vipimo vyovyote, na alipoulizwa namba ya usajili alijibu kwamba "hii imeshavuka hatua ya utafiti". Jibu hilo peke yake lilitosha kuturudisha kwenye kiti. Usinielewe kwamba Tanzania haina utaalamu wa kupandikiza. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma inapandikiza watoto wenye selimundu. Hayo ni matibabu ya magonjwa ya damu yenyewe, ambako faida imeshathibitishwa. Kwa Crohn bado ni suala la utafiti, na mahali pake ni kwenye vituo vyenye wataalamu wa damu na wa matumbo chini ya paa moja.

Kikao cha ukoo, na saini ya nani

Kikao kiitishwe, kwa kuwa fedha ni ya ukoo na shamba ni la mama, lakini tangu mwanzo isemwe wazi kwamba kikao kinaamua juu ya shamba, si juu ya mwili. Fomu ya ridhaa inasainiwa na mgonjwa mwenyewe aliye na akili timamu na umri wa utu uzima, na mjomba hawezi kuridhia kwa niaba yake hata kama ndiye atakayelipa nauli. Nililisema hilo mbele ya wakubwa zangu, na halikupokelewa vizuri; shemeji mmoja aliniuliza kama nimekuwa Mzungu. Nilimjibu kwamba atakayelala chumba cha peke yake majuma mawili si mimi wala yeye.

Fomu isomwe yote, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na ikiwa imeandikwa kwa lugha nyingine aombe tafsiri ya Kiswahili na apewe muda wa kwenda nayo nyumbani. Atafute humo mahali palipoandikwa kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida, nani atamtibu na kumlipia akipata madhara, atafuatiliwa miaka mingapi, na nani atampokea akirudi Mtwara na homa saa nane za usiku. Juu ya hilo la mwisho, pata jina la daktari wa hapa aliyekubali kwa kinywa chake. Jina la hospitali halitoshi.

Wakati mnasubiri majibu ya yote hayo, ugonjwa haungoji, kwa hiyo kuna kazi ya kufanya. Anayevuta sigara aache, kwa sababu sigara huuchochea ugonjwa wa Crohn. Dawa alizoandikiwa asizikatishe kwa kuwa "anakwenda kutibiwa kabisa". Uzito upimwe kila juma kwenye mzani mmoja, na kama kituo cha afya cha jirani kina mzani wa kuaminika, upimwe huko. Daftari liwe na safu za tarehe, mara za kwenda haja, damu ikiwapo, homa, dawa na kipimo chake. Nakala za majibu yote zipigwe picha, na maabara iliyosoma kinyama iombwe kuhifadhi kitalu cha nta chenye kipande kile, maana bingwa wa pili atataka kukisoma upya bila kumkata mgonjwa mara nyingine.

Mpwa wangu alikwenda Muhimbili na daftari lake mwezi wa pili. Kinyama kilisomwa tena, kifua kikuu kikaondolewa kwenye hesabu, na akaandikiwa azathioprini kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na jina lake likaingizwa kwenye mazungumzo ya infliksimabu. Mikorosho ya dada yangu imepigwa salfa mwaka huu kama kawaida.